Mume Wangu na Ngazi za Mnara

Tulipooana, mume wangu na mimi hatukuwa na lugha moja. Watu hucheka nikisema hivyo, kwa sababu Kisangani kila mtu anajua Kiswahili na kila mtu anajua Lingala, na anayejua moja tu hujifunza ya pili sokoni kabla miezi haijawa mingi. Lakini mimi nilikuwa nimetoka Basoko muda mfupi tu kabla ya harusi. Nilikuja kwa meli ya mto kumsaidia mke wa mjomba wangu, tonton kama tunavyosema, aliyekuwa amejifungua, na nyumbani kwa tonton kila kitu kilisemwa kwa Lingala. Mume wangu alikuwa mtu wa Maniema. Alikuja mjini kwa njia ya Ubundu akiwa kijana, akapata kazi kwenye stesheni ya reli, ng'ambo ya kushoto ya mto, na Lingala aliyoijua ilikuwa ile ya kuwaamrisha wapakuzi: njoo, beba, weka pale, ondoka. Hakuweza kubembeleza kwa lugha hiyo. Siku ya kwanza nyumbani kwetu alijaribu. Aliniambia "Yaka kolia", yaani njoo tule, kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi kwenye reli. Akajisikia mwenyewe, akaona haya, akanyamaza.

Basi tuliishi kimya. Hakikuwa kimya cha ugomvi. Alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akala nilichopika, akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Wiki ya pili aliniuliza kama ningeweza kumpikia sombe. Niliitikia, kisha nikakimbia kwa jirani kuuliza sombe ni kitu gani. Jirani alinishika mkono, akanirudisha jikoni kwangu, akafunua chungu na kunionyesha pondu niliyoitwanga asubuhi. Kumbe ni majani yale yale ya muhogo. Jioni nilimwekea sahani mbele yake nikasema, "Sombe." Akaonja, akanitazama, akasema, "Pondu." Tukacheka wote wawili. Katika mwezi ule hatukuwa na mazungumzo marefu kuliko hayo.

Alikuwa amemwahidi tonton kwamba atanionyesha mji, na ahadi yake aliitimiza. Kila Jumapili baada ya misa tulivuka mto kwa feri, maana tuliishi upande wa stesheni, akanipitisha sokoni, posta, bandarini, kwenye barabara zenye miti pande mbili na nyumba za Wazungu nyuma ya maua. Alitembea hatua moja mbele yangu, akionyesha kitu kwa kidevu na kukitaja jina kwa Kiswahili, nami nikarudia jina lile kimoyomoyo. Alijua kila kitu: jengo gani la karatasi gani, mlango gani wa kuingilia na mlango gani wa kutoingilia. Nilimfuata kama kifurushi alichokichukua stesheni. Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Alikuwa mpole. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa mbali na mama yangu, na palikuwa na siku nilipokaa nyuma ya nyumba nikaongea na kuku kwa lugha ya kwetu Basoko ili nisikie sauti yangu.

Mahali pamoja tu alikuwa hajanipeleka. Karibu na maji, pale mji ulipoanzia, palikuwa na mnara wa zamani wa matofali mekundu. Ulijengwa siku za kwanza za kituo, wakati waliokaa hapo walitaka kujua nani anashuka na mto na nani anaupanda kabla hajafika. Siku zetu hapakuwa tena na mlinzi juu yake. Wageni ndio waliopanda, kutazama mji, pamoja na mtu wa kuwaeleza. Jumapili asubuhi ulikuwa wa Wazungu, na maelezo yalikuwa ya Kifaransa. Mchana ulikuwa wetu, na maelezo yalikuwa ya Kiswahili. Ndivyo ilivyopangwa, na hakuna aliyetuuliza.

Wake za majirani walikuwa wamekwisha kupanda. Waliniambia kwamba ukiwa juu unauona mto wote, unaokuja na unaokwenda. Hilo la unaokwenda lilinikaa moyoni, kwa sababu mto unaokwenda ndio unaofika Basoko. Siku moja nikajikaza, nikamwambia mume wangu kwa Kiswahili changu cha wakati ule, "Munara. Mimi nataka."

Aliacha kula. Alitazama mlango kwa muda, kisha akasema, "Bon." Yaani sawa, tutakwenda.

Tulikwenda Jumapili iliyofuata, siku isiyo na mvua. Alipiga pasi shati lake mwenyewe, maana hakuamini mkono wangu kwenye pasi ya makaa, na mimi nilivaa liputa, kitenge changu cha harusi, na sandali mpya ambazo ngozi yake ilikuwa bado ngumu. Kwenye feri hakunitajia kitu chochote cha mji. Nilidhani amechoka.

Mlangoni pa mnara tulimkuta yule mtu wa kueleza. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kaptula ya kaki yenye mikunjo iliyosimama wima, na fimbo nyembamba ya kuonyeshea. Sisi sote tulimwita papa wa mnara, yaani baba wa mnara. Alikuwa mtu wa utaratibu. Maelezo yake alikuwa ameyashika kwa moyo tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na mtu akikohoa katikati alirudi mwanzo wa sentensi. Alitupanga mstari, watu kama kumi hivi, akatusomea masharti: hakuna kutema mate, hakuna kuimba, hakuna kusukumana, na kamba ya ukutani ishikwe kwa mkono mmoja tu.

Sehemu ya kwanza ya ngazi ilikuwa ya matofali, ikizunguka ndani ya ukuta, gizagiza, yenye harufu ya chokaa na ya popo. Nilipanda bila shida, ila sandali ziliteleza, nikazivua na kuzishika mkononi. Kisha tukatokea kwenye sakafu ya kwanza, na kutoka pale ngazi zilikuwa za mbao. Zilishikizwa ukutani tu, upande wa pili hakuna kitu, na kati ya ubao na ubao uliona chini. Papa wa mnara alitangulia, wengine wakamfuata, nami nikaanza kupanda nikiwa karibu wa mwisho, mume wangu nyuma yangu.

Nilipofika ubao wa tano au wa sita sikusikia tena viatu vyake. Niligeuka. Alikuwa amesimama chini, mguu mmoja juu ya ubao wa kwanza, ameshika kamba kwa mikono miwili. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akiutazama ukuta, mahali hapo mbele ya pua yake, kana kwamba pameandikwa kitu.

Nilisubiri. Kutoka juu papa wa mnara aliuliza kwa nini mstari umekatika. Mume wangu akasema, taratibu, bila kuinua macho, "Weye panda tu. Miye nitakungoja chini."

Nitasema ukweli juu ya nilichofikiri, maana hata leo kinanitia aibu. Nilifikiri ananionea haya. Nilifikiri amewaona watu wa kazini kwake kwenye mstari ule, na hataki kuonekana amesimama juu ya mnara na msichana wa kutoka mtoni asiyejua kusema. Nilishuka zile mbao tano kwa hasira, nikitaka kumwambia turudi nyumbani, na kwa kuwa sikuwa na maneno, nilimshika mkono ili nimvute. Mkono wake ulikuwa baridi na umelowa kama samaki. Ulikuwa unatetemeka. Haukutetemeka kidogo, ulitetemeka mpaka kamba ya ukutani ilikuwa inacheza.

Hapo nikaelewa. Mtu huyu aliyejua milango yote ya mji aliogopa ngazi.

Sikujua la kufanya. Kwetu mke hamwambii mume usiogope, tena mbele ya watu. Nilisimama tu naye, mkono wake ndani ya wangu, mpaka kamba ilipotulia. Kisha akautoa mkono pole pole, akachukua sandali zangu zilizokuwa katika mkono wangu wa pili, na kwa kichwa akanionyesha juu. Nilikuwa nimetaka mnara. Hakutaka niukose kwa sababu yake.

Nikapanda. Sakafu ya pili, ya tatu, kisha ngazi ya chuma iliyopita kwenye tundu la dari, na nje kukawa na upepo.

Siwezi kueleza mji ule kama alivyoueleza papa wa mnara. Alianza upande wa maporomoko, na hapo alituliza kila mtu kwa fimbo. Tuliona maji meupe na ile miti mirefu iliyosimikwa kati ya miamba, ambako wavuvi hufunga mitego yao mikubwa. Alisema jinsi miti ile inavyosimamishwa, na jinsi mahali pa kila mtego palivyo na mwenyewe tangu babu zake. Kisha akageukia kusini, ng'ambo yetu, ambako aliionyesha stesheni na kuisifu kwa maneno mengi, na reli ya Ubundu. Upande huo nilitazama kwa makini, kwa ajili ya mume wangu. Reli ilitoka kati ya mabati ya maghala, ikaingia msituni ikiwa imenyooka, kama mstari kwenye kichwa cha msichana aliyesukwa vizuri. Ilikwenda, ikawa nyembamba, ikapotea. Nilijua ameijia njia hiyo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba naye alitoka mahali akapaacha.

Nikamuuliza papa wa mnara Basoko iko upande gani. Nilikuwa nimeingia katikati ya sentensi yake. Alirudi mwanzo wa sentensi, akaimaliza, akageukia kaskazini, akaeleza mto Tshopo na daraja lake bila kuacha hata neno, na baada ya hapo tu akaelekeza fimbo magharibi.

"Na uku," akasema, "mto unaenda mpaka Kinshasa. Bon. Sasa tunashuka."

Ni hayo tu. Upande wangu wote aliupa sentensi moja. Na ulikuwa mzuri kuliko pande zote, mpana, umejaa mwanga, na visiwa vimelala ndani yake kimoja nyuma ya kingine. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nilisema, "Papa, iko mambo mingi pale," na kwa Kiswahili kibovu, nikiziba mapengo kwa Lingala, nikawaeleza. Kwamba nyuma ya visiwa vile mto unaendelea siku nzima ya meli, na Lomami inaingia kutoka kushoto. Kwamba baada ya hapo kingo zinakwenda mbali hata ukiwa katikati huwezi kumtambua mtu aliye ufukweni. Kwamba Aruwimi inaingia kutoka kulia, yenye maji meusi, na maji yale mawili hutembea pamoja kwa muda bila kuchanganyika, na pale ndipo penye Basoko, na mama yangu ana shamba la mihogo juu ya ukingo. Watu walinisikiliza. Mwanamke mmoja aliniuliza samaki gani wanapatikana huko, nikamtajia. Papa wa mnara alisimama na fimbo yake kwapani, akiitazama midomo yangu. Nilidhani nimemkasirisha.

Kabla ya kushuka nilichungulia chini juu ya ukuta, nimtafute mume wangu. Alikuwa uani, karibu na mlango, peke yake. Kutoka juu ile alikuwa mdogo, kofia ameivua, na niliona kwamba nywele za utosini zimeanza kupungua, jambo ambalo sikulijua kwa sababu alikuwa mrefu kuliko mimi. Watu wa Jumapili walikuwa wakipita barabarani kwa nguo zao nzuri. Na yeye, kwa shati lake lililopigwa pasi, alikuwa amekumbatia sandali zangu kifuani kwa mikono miwili. Palikuwa na ukuta mfupi pale ambapo angeweza kuziweka. Hakuziweka. Alisimama nazo wakati wote niliokuwa juu, watu wakimtazama, na akawaacha watazame.

Nadhani nilimpenda pale. Kabla ya hapo nilikuwa nimeolewa tu.

Niliposhuka aliinama, akaziweka sandali mbele ya miguu yangu, zimeelekea mbele, tayari kuvaliwa. Tulitembea mpaka kwenye kituo cha feri. Feri ilikuwa ng'ambo, ikabidi tungoje, tukakaa kwenye ngazi za mawe. Akasema, akiyatazama maji, "Sema na miye. Uliona nini?"

Nikamwambia. Nilianza kwa Kiswahili, na neno lilipokosekana nililiweka la Lingala, naye akanipa la kwake, nikalirudia, nikaendelea. Hakunicheka hata mara moja. Nilipomwambia juu ya reli iliyonyooka kama mstari wa nywele, aliuliza kama niliona mahali inapopinda. Nikasema hapana, inapotea kabla ya kupinda. Akaitikia, kana kwamba hilo ndilo alilotaka kujua.

Kisha akanieleza jambo ambalo, alivyosema, hakuwa amemweleza mtu yeyote mjini. Kwao alikuwa na kaka mkubwa, mgema na mkata chikichi, aliyepanda michikichi kwa mkanda wa kamba kiunoni. Mume wangu, mdogo wake, ndiye aliyekwenda naye kukusanya vichikichi vinavyoanguka. Siku moja mkanda ulikatika. "Nilikuwa chini," akasema. "Niliinua macho nimwambie kitu, na nilimuona anakuja." Kaka hakufa siku ile, alikufa ya tatu. Tangu siku hiyo mume wangu hakuweza kupanda kitu chochote, hata ngazi ya ghala. Kazini walikuwa hawajui, kwa sababu alikuwa karani wa chini, wa kuandika mizigo, na alihakikisha hapandishwi cheo cha kwenda ghorofani. Hilo alilisema kwa tabasamu dogo.

Nilitafuta neno la Kiswahili la kumpa pole. Nilikuwa nalijua, maana ni pole, kila mtu analijua, lakini lilionekana dogo. Nikamwambia kwa lugha ya kwetu, ambayo hakuielewa hata kidogo. Aliinamisha kichwa, akapokea. Feri ikafika.

Sikumwambia turudi mnarani. Ni yeye aliyesema, wiki tatu baadaye, akiwa ananawa mikono. Alisema anataka kufika kwenye ule ubao wa sita, pale niliposimama nilipogeuka. Si zaidi.

Basi zikawa Jumapili zetu. Tulivuka, tukaingia kwenye mstari, na yeye akapanda mbao tatu, nne, kisha akashuka. Mara ya pili papa wa mnara alikasirika, kwa kuwa mtu anayesimama kwenye ngazi anaharibu mpango. Alishuka kutoka juu kuja kumwambia hivyo. Akamkuta mume wangu ameegemea ukuta, macho ameyafumba, jasho linamtiririka masikioni, na mimi nimekaa kwenye ubao wa juu yake ninamwambia majina ya samaki kwa Lingala, moja moja, ili asifikirie miguu. Papa wa mnara alitutazama. Akapiga fimbo yake kwenye kiganja mara mbili tatu. Kisha akapanda tena.

Jumapili iliyofuata, alipokuwa akisoma masharti, aliongeza moja. Alimwonyesha mume wangu kwa fimbo mbele ya watu wote, akasema, "Uyu papa anabakia ku ngazi. Iko anachunga kamba. Mutu asimusumbue." Hakuna aliyecheka. Wengine walimsalimu kwa heshima walipompita, kama mtu mwenye kazi yake. Na kweli mume wangu akaanza kuichunga ile kamba. Alikagua vifundo vyake, akagundua kimoja kimelegea, akakikaza, na ili akikaze ilimbidi apande ubao wa nane.

Jambo jingine lililotokea Jumapili ile linanichekesha mpaka leo. Juu, papa wa mnara alipogeukia magharibi, hakuishia kwenye sentensi moja. Alisema kwamba nyuma ya visiwa Lomami inaingia kutoka kushoto. Akasema kingo zinakwenda mbali hata huwezi kumtambua mtu aliye ufukweni. Akasema Aruwimi ina maji meusi, na maji mawili hutembea pamoja bila kuchanganyika. Alisema yote kwa sauti yake ya kila siku, kana kwamba ameyasema tangu mnara ulipojengwa, na alipomaliza hakunitazama. Ameyashika kwa moyo, nikajua. Mtu akikohoa, atarudi mwanzo wa sentensi yangu.

Mume wangu alifika sakafu ya pili baada ya muda mrefu. Pale palikuwa na dirisha dogo lililotazama kusini, na kwa Jumapili nyingi alitosheka nalo. Alikuwa anakaa sakafuni, mgongo ukutani, anatazama kipande cha stesheni, nami nikienda juu na kurudi nilimkuta hapo na kumweleza kilichobadilika: mtego mpya kwenye maporomoko, bati jipya, meli imefungwa bandarini. Njiani kurudi ndiko tulikozungumza. Kiswahili changu kilinyooka kwenye ile feri, na Lingala yake ikajifunza kuomba, kuuliza, hata kutania. Jirani yetu aliniuliza siku moja tumegombana nini, maana alisikia sauti zetu tangu jua kutua. Nikamwambia hatukugombana. Tulikuwa tunaongea.

Kisha nikapata mimba, na mguu ukavimba, na mama wa zahanati akanikataza kupanda hata ngazi za kanisa. Nilimwambia mume wangu kwamba sasa tutapumzika na mnara. Alikubali. Lakini Jumapili ile tulipomaliza misa alishika njia ya mtoni kama kawaida, nikamfuata. Mnarani aliniomba nikae kivulini, akamwomba mwanamke mmoja muuza karanga akae nami. Akaingia peke yake.

Nilisubiri. Watu waliopanda naye walianza kushuka mmoja mmoja, yeye hayumo. Niliomba. Sikuwa najua kama namwombea apande au ashuke. Mwishowe alitoka, papa wa mnara nyuma yake amemshika kiwiko, na shati lote limelowa mpaka mgongoni. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Papa wa mnara alisema tu, "Alifika juu. Miye mwenyewe nilimuona," kama anayetoa ushahidi mbele ya hakimu, kisha akarudi kufunga mlango.

Mume wangu alikaa chini, kwenye udongo, pembeni ya miguu yangu, bila kujali suruali. Nilimpangusa uso kwa ncha ya liputa. Alipopata pumzi akaniambia kwa Lingala, polepole, akitafuta kila neno, kwamba sehemu kubwa alifumba macho. Papa wa mnara alimweleza pande zote nne naye akazisikiliza akiwa amefumba. Aliyafumbua mara moja tu, upande wa kusini. Injini ilikuwa inatoka stesheni na mabehewa, inaelekea Ubundu, na safari hii aliifuata kwa macho mpaka moshi wake ulipoingia msituni.

"Miaka yote," akasema, "kila treni inayotoka, nilitaka kuwa ndani yake. Leo nimeiona inatoka, na sikutaka."

Aliyasema hayo kwa Lingala, na sauti yake haikuwa na amri yoyote ndani yake. Muuza karanga aligeuka upande wa pili, akajifanya kupanga karanga zake.

Hakupanda tena. Alisema mara moja inatosha, na hakuona haya kulisema, hata kazini. Binti yetu alizaliwa wakati wa mvua kubwa. Papa wa mnara alivuka mto kuja kumwona, amevaa kaptula ile ile, na kwa kuwa hakuwa na maneno ya kushika kwa moyo juu ya watoto, alikaa kwenye kiti saa nzima akimbeba, akitutazama sisi na kumtazama yeye. Kabla mtoto hajaanza kutembea, matofali ya upande wa mto yalipata ufa, ngazi zikafungwa kwa mbao, na papa wa mnara akapewa kazi ya kulinda lango mahali pengine. Tulipokutana naye sokoni alikuwa anauliza kwanza habari za binti, ndipo habari zetu. Mume wangu alimsalimu kwa mikono miwili, kila mara, na kila mara walishikana mikono kwa muda mrefu kidogo kuliko watu wengine wanavyoshikana.